Fundi Asiyetajwa wa Puerto Lisandro

Aprili 4

Nimefika. Nimelowa hadi soksi na mizigo yangu imelowa, isipokuwa fomu, ambazo bosi wangu, Mhandisi Losada, alizifunga kwenye mifuko mitatu ya plastiki kana kwamba ndizo zinazopumua. Mvua imeanza mapema mwaka huu. Mto Caguán umeshameza ngazi za chini za gati.

Mama alinitazama kutoka mlangoni, akasema nimenenepa, halafu akaniuliza naondoka lini. Nikamwambia mvua zikikatika, Julai. "Utachoka kabla," akasema. Ananijua huyu.

Kazi yenyewe naiandika hapa nisije nikaisahau nitakapoanza kugombana na watu. Programu ya serikali ina fedha za kozi moja ya ufundi kwa kijiji hiki, sasa kwa kuwa vita vimekwisha kwa mkataba na saini. Mimi nipite nyumba kwa nyumba niulize watu wanafanya kazi gani, wanajua nini, na hapa panahitajika mafundi gani, kisha nipendekeze kozi. Kwangu mimi fani ni cherehani, nimeifundisha mjini Florencia miaka mingi. Walinichagua kwa kuwa nimezaliwa hapa. Losada anaamini milango itafunguka yenyewe.

Aprili 6

Mvua. Sikutoka.

Aprili 9

Nimemaliza nyumba zote za upande wa chini, na afadhali ningelala.

"Unafanya kazi gani, Don?"

"Kazi za hapa na pale."

Huyo alikuwa na unga wa mbao kwenye nyusi. Nyuma yake kulikuwa na kitanda kipya, bado hakijapakwa rangi. Nikamuuliza kimetengenezwa na nani. Akageuka, akakitazama kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza. "Kilikuwepo," akasema.

Jirani yake alinijibu na pini mdomoni na shati la mtu mapajani: kazi za hapa na pale. Nikaenda kwa Don Arnulfo, mwenyekiti wa kamati ya kijiji, mwenye duka na mtumbwi wa kubeba jibini, nikidhani huyo angalau ni kiongozi. Alinimiminia kahawa, akasifia viatu vyangu, akasema watu wa hapa ni wavivu kidogo ila wana roho nzuri, na yeye binafsi, niandike tu, anafanya kazi za hapa na pale.

Kwa hiyo Puerto Lisandro hakuna fundi hata mmoja. Nyumba zimejijenga zenyewe.

Aprili 13

Tumekula samaki na ndizi za kuchemsha, wanne mezani: mama, mdogo wangu Ferney, mimi, na Yineth. Yineth ni binti wa kaka yetu Hernán, ambaye wenye bunduki walimchukua kabla huyu hajazaliwa, na hakurudi. Mama yake Yineth aliolewa tena huko Neiva. Msichana amelelewa na mama hapa, sasa ana miaka kumi na minane na anakula kama mtu anayewahi basi.

"Shangazi, hiyo kozi yenu ni ya nini?"

"Bado haijaamuliwa. Bosi wangu anapenda uokaji mikate."

"Mikate siitaki. Mimi nataka injini."

Mama akatua sufuria kwa kishindo. "Mikate ni kazi safi," akasema. Ferney aliendelea kutoa miiba kwenye samaki kana kwamba anazungumziwa mtu wa nchi nyingine.

Na Ferney ndiye anayetengeneza injini zote za mitumbwi ya sehemu hii ya mto. Nyuma ya nyumba, kando ya banda la nguruwe, hazikosekani mbili tatu zimefunikwa magunia. Watu huzileta mvua inaponyesha kweli kweli, wanaziacha, wanazichukua, na hakuna anayetaja neno. Kwenye fomu yangu, ndugu wa tumbo moja, amejibu: kazi za hapa na pale.

Baadaye tukiosha vyombo Yineth aliniambia yaliyobaki. Wenzake wanapanda mto Julai kwenda kuchuma majani ya koka. Waliotangulia mwaka jana hawakuishia kwenye majani. Wawili wameonekana na buti na bunduki, wako na wale wapya ambao mkataba haukuwahusu.

"Ukileta injini, nabaki. Ukileta mikate, napanda mtumbwi," akasema. "Sikutishi shangazi, nakwambia tu."

"Si umwombe baba yako mdogo akufundishe?"

"Nimemwomba tangu sijavunja ungo. Kila siku ananiambia nikamenye muhogo."

Aprili 21

Nyumba za upande wa juu. Hapa na pale, hapa na pale. Mzee mmoja alinijibu hata kabla sijauliza.

Mei 2

Simu hapa inashika sehemu moja tu, juu ya ngazi ya tangi la maji. Nimeongea na Losada nimekumbatia bomba, mvua ikiniingia shingoni.

"Doña Nubia, jedwali lako ni tupu."

"Watu hawasemi, mhandisi."

"Basi andika unachokiona. Wewe si mtu wa hapo? Ukishaandika, bandika hadharani, majina na fani, wenyewe wahakiki. Tunataka uwazi. Asiyeonekana kwenye jedwali, kwetu hayupo."

Nilishuka nimekasirika, lakini si kwa Losada. Nimewakasirikia hawa. Wanaletewa kitu hadi mlangoni, wanajifanya mabubu. Nilikuwa nimesahau jinsi kijiji hiki kinavyoweza kukukalia kichwani.

Mei 9

Nimefanya. Nimeandika nilichokiona: seremala fulani, mshonaji fulani, mchinjaji, mwashi, mkunga. Fundi injini: Ferney Artunduaga. Kwa kalamu nene, mwandiko wa ubaoni, nikabandika kwenye mlango wa ukumbi wa kijiji saa nane mchana. Nimerudi nyumbani nikijiona nina akili. Kuanzia kesho watakuja kubishana na mimi, na mtu anayebisha angalau anaongea.

Mei 10

Hakuja mtu. Nilikwenda ukumbini asubuhi nikakuta mlango mtupu, kona moja tu ya karatasi imebaki kwenye gundi. Njiani nilisalimia watu wanne, wawili wakaitikia.

Mama alikuwa jikoni. Akanipa kahawa. Nikaanza kulalamika, nikasema nani ameichana, nikasema hiki kijiji hakitaki kuendelea, nikasema mengi. Alinisubiri nimalize.

"Karatasi nimeichana mimi," akasema. "Kahawa unayokunywa nimeichemshia kwa hiyo karatasi."

Kisha akakaa. Mama haketi jikoni. Naandika alivyosema, sitaki kupamba.

Hernán alisoma kozi ya injini kwa mapadri, San Vicente, miezi sita. Alirudi na cheti chenye picha yake, jina lake na muhuri, kimeandikwa fundi wa injini za boti. Mama alikwenda kununua fremu yenye kioo. Wakakitundika sebuleni, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu, ili kila anayeingia akione. Hivyo ndivyo watu wote walivyofanya zamani zile, kuta zilikuwa zimejaa vyeti.

"Walikuja kuomba maji," mama akasema. "Walikuwa na adabu. Mmoja alikuwa anajua kusoma."

Walimhitaji mtu wa kutengeneza injini zao. Walisema ni kwa wiki moja. Mwaka uliofuata likaja jeshi, nalo likauliza nani alikuwa akiwatengenezea maadui injini, na likaondoka na watu wengine. Muuguzi walimchukua hawa, mchomeleaji wakamchukua wale. Vyeti vikashushwa ukutani. Vingine viko kwenye makopo ya unga, vingine chini ya ardhi. Na kila mtoto akafundishwa la kujibu akiulizwa mzazi wake anafanya kazi gani.

Mimi nilikuwa Florencia wakati ule, najifunza kutia uzi kwenye sindano. Niliambiwa tu kwamba wamemchukua. Hakuna aliyenieleza kuhusu ukuta, na sebuleni mle nimekaa tangu mwezi uliopita bila kujiuliza kwa nini Moyo Mtakatifu umesogezwa upande mmoja.

"Kwa nini hukuniambia nilipofika?"

"Nilikwambia utachoka."

Karatasi ilikaa pale kuanzia saa nane mpaka giza lilipoingia. Mitumbwi ilipita. Sijui nani aliisoma. Naona haya, na naogopa, na sijui lipi kubwa.

Mei 11

Ferney ameondoka alfajiri na mfuko wa spana. Amekwenda shambani kwa rafiki yake, ndani kabisa ya kijito. Hakuniaga. Injini tatu zimebaki chini ya magunia, matumbo wazi.

Mei 17

Hakuna anayenipa kahawa.

Mei 23

Wamekuja wale wapya. Wanaume wanne, kaptula, buti za mpira, redio. Injini yao ilikuwa inakohoa. Walisimama dukani kwa Don Arnulfo, wakanunua soda, wakauliza kwa upole kabisa nani hapa anatengeneza injini. Nilikuwepo, nanunua mshumaa.

"Hapa?" Don Arnulfo akasema. "Hapa kila mtu anajipigia yake nyundo, mkuu. Ikikataa tunaimwagia maji ya baraka."

Wakacheka. Mmoja, kijana mwenye jino la dhahabu, akanigeukia. "Wewe ndiye bibi wa fomu. Wewe utakuwa unajua."

Walikuwa wamesikia habari zangu, basi. Mshumaa ulikuwa mkononi, nikauweka kwenye kaunta.

"Nimeuliza nyumba zote," nikasema. "Wote wananiambia kazi za hapa na pale."

Akamaliza soda yake. Wakaondoka wakipiga kasia, injini imenyanyuliwa. Don Arnulfo aliniletea kahawa kwenye kikombe cha wageni, na alipokuwa anaimimina nusu ilimwagikia sahanini.

Nimekaa na fomu zangu. Mimi naulizia fani kwa sauti ileile ya wale wanne, pengine kwa maneno yaleyale. Tofauti yetu ni kwamba mimi nina kalamu.

Juni 1

Mvua, siku ya tano mfululizo. Nguruwe wamehamishiwa barazani.

Juni 6

Don Arnulfo amepotea mtoni tangu asubuhi, na jioni amerudishwa akiwa hai.

Alikuwa anapeleka jibini Cartagena ya huku mtoni, si ile ya pwani. Injini ilikuwa inamsumbua wiki nzima, na mtu wa kumpelekea hayupo, amejificha kwa sababu yangu. Ikazima katikati, mto umefura, miti mizima inaelea. Ukamchukua mpaka kwenye kona ya chini, akashika tawi, akabaki ameling'ang'ania mpaka wavuvi walipomwona. Jibini yote imekwenda baharini, au popote mto huu unapokwenda.

Amekuja kuketi kwenye ngazi yetu, amejifunika blanketi. Nilimwomba msamaha.

"Mwalimu, pale kwenye tawi nilikuwa namwomba Mungu na kukutukana wewe, kwa zamu," akasema. "Ukiacha kuomba mkono unalegea. Ukiacha kutukana, vilevile."

Mama akampa maji moto ya sukari guru. Akaanza kusimulia, na hakuacha. Injini hii ilivyokufa Pasaka. Ilivyokufa kwenye harusi ya binti yake, bwana harusi akafika ameshika kasia. Plagi alizonunua ambazo zilikuwa bandia. Wanafunzi wa ng'ambo ya mto ambao hawajafika shule tangu Mei kwa kuwa mtumbwi wao umefungwa. Mjamzito aliyesubiri gatini siku nzima mwezi uliopita. Mtu huyu mwezi wa Aprili alinijibu kwa maneno matano, sasa alikuwa ananieleza mambo mpaka blanketi likamdondoka na hakuona.

"Don Arnulfo," nikasema, "nilipokuuliza mbona hukuniambia haya?"

"Hukuniuliza kilichoharibika. Uliniuliza mimi ni nani."

Juni 7

Sikulala vizuri. Asubuhi nimezigeuza fomu, nimeandika swali moja upande wa nyuma: Nini kimeharibika nyumbani kwako mvua hizi, na ulikipeleka wapi? Jina halitakiwi.

Juni 15

Sasa siwezi kuwanyamazisha. Wananivuta mkono. Feni, mashine ya kusaga mahindi, pasi, jenereta, jino la bandia la bibi mmoja ambaye alitaka niingize mkono mwenyewe nihakikishe. Lakini kila nyumba, baada ya yote, inafika kwenye injini ya mtumbwi. Imeharibika, nikaipeleka Cartagena, nikasubiri siku nane. Imeharibika, ipo chini ya kitanda. Imeharibika, tumeuza ndama.

Yule wa kitanda alinionyesha msumeno wake uliokatika, kisha akanionyesha vitanda vingine viwili. "Vilikuwepo pia," akasema, na safari hii alicheka.

Nilidhani watu hawa ni wagumu. Ni watu waliojilinda kwa sentensi moja miaka ishirini, na ikawafaa.

Juni 24

Sikukuu ya San Juan. Ngoma, nguruwe amechinjwa, matope magotini. Yineth amecheza na kila mtu. Amenunua buti mpya za mpira. Nilimuuliza za nini. "Za matope," akasema. Mama alizitazama zile buti jioni nzima.

Juni 29

Ngazi ya tangi tena. Losada amesoma matokeo yangu na, lazima nikiri, ameelewa haraka.

"Hii sasa ni hoja, Doña Nubia. Injini. Inajitetea yenyewe. Vifaa tunaweza kuleta tarehe saba. Nipe mkufunzi."

"Leteni kutoka mjini."

"Hakuna anayekubali kuja huko, nimeulizia. Mkufunzi awe mkazi, jina lake kamili, na libandikwe mlangoni pa kozi mpaka iishe. Ndiyo kanuni, wametuibia sana kwa wakufunzi hewa. Ukikosa, wa mikate ninaye tayari, yuko tayari kupanda boti hata leo."

"Mhandisi, hapa jina mlangoni si jambo dogo."

"Najua." Nikasikia mvua ya kwake nayo. "Kweli najua. Lakini sina namna nyingine. Nipe jina kabla ya tarehe tano."

Mtumbwi wa wachumaji unapanda tarehe kumi.

Julai 1

Siku nzima nimetembea kutoka gatini hadi ukumbini na kurudi. Mama kaniuliza kama nina minyoo.

Julai 3

Nimekwenda kwa Ferney. Muda wa saa nne kwenye kijito na kasia la kuazima, viganja vimechubuka. Alikuwa anarekebisha ua wa ng'ombe, anapigilia misumari vibaya, maana kazi hiyo haijui.

"Nani kakuleta?"

"Nimekuja mwenyewe. Nimekuja kuomba radhi, na nimekuja kukuomba jambo, kwa hiyo unaweza kukasirika mara moja tu ukamaliza."

Akanipa kigoda. Nikamweleza: wale wa jino la dhahabu, Yineth, buti, tarehe kumi, jina.

"Jina langu hapana, dada."

"Sijaomba jina lako. Naomba mikono yako. Jina litakuwa langu."

Alinitazama kama ninaumwa. "Wewe unajua nini kuhusu injini?"

"Najua cherehani. Ina mafuta, ina gia, inakwama pale ambapo hukutazama. Na nitajua kila utakachonifundisha usiku mmoja kabla ya wanafunzi. Wewe utakuwa unapita tu. Umekuja kubeba, umekuja kusaidia dada yako mnene. Nani atakuuliza?"

"Watakuuliza wewe. Wale wa jino la dhahabu. Watakuja na adabu."

"Wakija watakuta mwanamke wa cherehani wa Florencia mwenye muhuri wa serikali, asiyeweza kuvuta kamba ya kuwashia. Wanichukue nikawaharibie injini."

Hakucheka. Akapigilia msumari mwingine, ukapinda. "Hernán ndiye aliyenifundisha," akasema bila kunitazama. "Tulikuwa tunafungua kabureta kwenye beseni la mama la unga. Ile siku walipokuja nilikuwa chini ya nyumba, nimeshika pampu ya mafuta. Nilikaa nayo mkononi mpaka giza. Yineth ana vidole vyake, umeviona? Kila akiniomba nimfundishe naviona vile vidole, halafu naona ile miguu yao ikishuka ngazi."

Nikalia. Sikuwa nimekusudia. Yeye akaendelea na ua.

Nilipoingia kwenye mtumbwi akaniambia kasia nalishika kinyume. Hicho ndicho alichonijibu.

Julai 4

Nimempigia Losada. "Mkufunzi nimepata. Andika jina langu." Ameuliza mara mbili kama nina uhakika na mara moja kama nina fani hiyo. Nikamwambia nina kazi za hapa na pale. Akaandika.

Mama nimemwambia mezani, Yineth akiwa hayupo. Aliosha sufuria, akaifuta, akaichukua tena akaiosha upya.

Sitaondoka tena mvua zikikatika. Nimefikiri jambo hilo mara nyingi leo.

Julai 7

Vifaa vimefika. Ferney hajafika. Nimefungua boksi la spana nikalifunga.

Julai 8

Nilipoamka nilikuta zile injini tatu kando ya banda la nguruwe zimefunikwa upya, na matope ya miguu mikubwa barazani. Ferney alikuwa jikoni anakula. "Kaa hapa," akanionyesha benchi. "Hii inaitwa kabureta. Usiniulize kitu mpaka nimalize."

Yineth hatujamwambia kwamba kozi ni ya injini. Ferney hataki. Anasema akiambiwa atapiga kelele gatini, na gatini kuna masikio.

Julai 10

Mtumbwi wa wachumaji ulifika mapema, ukapiga mluzi. Yineth alimbusu bibi yake, akachukua mfuko, akashuka na buti mpya. Hakunitazama. Mama alibaki ameshika mwimo wa mlango, na nilielewa kwamba siku Hernán alipochukuliwa alisimama hivyohivyo. Sikuweza kukaa pale. Nikachukua karatasi na gundi nikaenda ukumbini.

Nimeandika kwa ile kalamu nene. Kozi ya ufundi wa injini za mitumbwi, na chini yake jina la mkufunzi, lote, ukoo wa baba na ukoo wa mama, jinsi kanuni inavyotaka. Mikono ilikuwa imelowa, kona ya juu ikawa haishiki, nikaikandamiza kwa ngumi.

Nyuma yangu nikasikia buti kwenye matope. Yineth alikuwa amesimama na mfuko begani. Kutoka gatini mlango unaonekana vizuri. Labda nilikuwa nimelipigia hesabu hilo, labda la.

"Shangazi, wewe?" akasema. "Wewe huwezi hata kupanda mtumbwi bila kushikwa."

"Ndiyo. Kwa hiyo nahitaji mtu wa mbele darasani ambaye ana vidole."

Ndani, kupitia mlango wa nyuma, Ferney alikuwa anaingiza injini begani, kama mtu anayepitisha tu mzigo wa watu. Aliitua mezani. Akamtazama binti wa kaka yake, akasukuma spana mbele yake. "Anza na mfuniko," akasema. Yineth akauachia mfuko palepale kizingitini. Mluzi ulilia tena kutoka mtoni, mara mbili, kisha nikasikia injini yao ikikohoa na kwenda.

Watu wakaanza kuja, mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake: huyu amefuata kivuli, huyu amepotea. Mama alifika mwishoni, na beseni la maharage kiunoni. Nilidhani ataichana hii nayo, na nisingemzuia. Alisogea karibu kabisa na karatasi, maana anasoma kwa kidole, taratibu.

"Nubia," akasoma. "Artunduaga." Kidole kikasogea, kikasimama. "Perdomo. Hili ni langu."

"Ni lako, mama."

"Umeliandika wazi."

"Ndivyo wanavyotaka."

Akakandamiza ile kona ya juu iliyokuwa inabanduka, akaishikilia kwa kiganja mpaka ikashika. "Basi wakija watafute watu wawili," akasema.

Alivuta kiti, akakiweka chini ya karatasi, akaketi uso ukitazama mto, akaanza kumenya maharage. Nikamwambia arudi nyumbani, mvua inakuja. Akaniambia niingie ndani, watu wananisubiri, na mwalimu asiyejua kitu asianze kwa kuchelewa.